Ufalme wa Nyota na Watu Wenye Kukaa Ndani Yake

Mtu apitaye mbele ya parseli yetu hapa Lubumbashi Jumamosi jioni atasikia vijana wakibishana juu ya nyota. Mmoja asema: «Ile nyekundu nimekwisha kuitwaa.» Mwingine amjibu: «Hukuitwaa. Iko juu yako mbali sana, hukutazama kimo chake.» Mwanzoni majirani walidhani tumeanza uaguzi. Sivyo. Ni mchezo wa kompyuta, na watengenezaji ndio sisi, mimi na mpwa wangu. Huu ni mwaka wa tatu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, yeye ni kijana wa miaka 21. Leo nataka kuwaeleza kazi hiyo ni ya namna gani, na jinsi swali moja la mzee lilivyotuvuruga hesabu zetu zote.

Michezo ya namna hii si mambo mapya. Mwaka 1984 vijana wawili waliosoma Cambridge, kule Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo ulioitwa Elite. Mchezaji alipewa merikebu ya anga, akasafiri toka nyota hata nyota akiuza na kununua. Kompyuta yao, BBC Micro, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu za leo yaishinda mara nyingi. Hata hivyo waliweka ndani yake galaksi 8, na kila galaksi ilikuwa na nyota 256. Waliwezaje? Hawakuandika nyota moja moja. Waliandika kanuni fupi ya hesabu na namba chache za kuanzia, nayo kompyuta huzijumlisha na kuzigeuza namba hizo, na kila mara yapata nyota nyingine, mahali pake na jina lake. Ni kama mbegu ya mahindi: katika kiganja ni ndogo, lakini shamba zima limo ndani yake. Na mbegu ile ile huzaa nyota zile zile siku zote.

Mwaka 1993 ukatoka mchezo mwingine, Master of Orion, kazi ya Steve Barcia na wenzake wa Simtex kule Marekani. Humo mchezaji hana tena merikebu moja tu. Yeye ni mfalme wa taifa zima. Mwandishi Alan Emrich, akieleza mchezo huo mwaka ule ule katika gazeti la Computer Gaming World, alisema kazi ya mchezaji ni mambo manne: kuvumbua, kupanuka, kuvuna mali na kuangamiza. Kwa Kiingereza maneno hayo manne yote hutamkwa kwa sauti ya herufi X, na tangu hapo michezo ya namna hiyo yaitwa «X nne». Yashikeni maneno hayo manne, maana tutayarudia.

Ramani ya Master of Orion ilikuwa bapa kama karatasi. Mwaka 1999 mafundi wa Relic, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, walitoa Homeworld, ambamo merikebu zapigana kwa pande zote, juu na chini pia, kwani angani hakuna sakafu. Mpwa wangu alicheza mchezo huo kwa rafiki yake, akarudi nyumbani na kuniambia: «Mjomba, tutengeneze wa kwetu. Ufalme wa nyota wenye urefu, upana na kimo.» Nami nikakubali upesi, bila kujua naingia wapi.

Tulianza kwa karatasi. Tulichora nyota 60, na kando ya kila nyota tukaandika namba ya kimo chake. Siku ya kwanza mpwa wangu aliona nyota mbili jirani. Toka moja hata nyingine ni hatua 3 upande na hatua 4 mbele. Wanafunzi wangu wote wajua: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, basi umbali ni 5. Akatuma merikebu zake zenye mafuta ya hatua 6. Lakini nyota ya pili ilikuwa juu hatua 12. Sasa ongeza 12 mara 12, ndiyo 144. Jumla yawa 169, na umbali wa kweli ni 13. Merikebu zote zikaishiwa mafuta njiani. Karatasi ilimwonyesha jirani, kumbe hakuwa jirani.

Shida ya pili ilikuwa mipaka. Ukiongeza mara mbili umbali wa merikebu juu ya nchi bapa, wapata nafasi mara 4. Angani wapata mara 8. Shamba lazungushiwa ua, na mlinzi mmoja aweza kuketi mlangoni. Ufalme wa angani ni kama chungwa: mpaka wake ni ganda zima, na adui aweza kutoboa popote. Hakuna mto, hakuna daraja, hakuna mlango wa mlima. Vijana waliojaribu mchezo walichoka upesi, kwa sababu kujilinda hakukuwezekana. Mwisho tukafanya kama watengenezaji wengine waliotutangulia: tukaweka njia. Merikebu haiendi popote ipendapo, yafuata njia kati ya nyota na nyota. Tuliipa kila nyota njia 2 au 3 tu. Hapo ndipo pakawa na mahali pa kulinda, mahali pa kuvizia, na mahali pa kutoza ushuru.

Shida ya tatu ilitushinda kabisa: namna ya kumwonyesha mchezaji kimo juu ya kioo cha kompyuta, ambacho nacho ni bapa. Tulijaribu kuzipaka nyota rangi, za juu nyeupe, za chini nyeusi. Hakuna aliyeelewa. Tukagombana jioni tatu mfululizo.

Baba yangu alikuwa ameketi karibu na mbabula, akitutazama. Mzee huyo alifanya kazi miaka 27 chini ya ardhi katika mgodi mmoja wa shaba. Hajui kompyuta. Akasema: «Ninyi mwachora mgodi kana kwamba ni shamba. Kule chini mtu haulizi wapi tu. Auliza wapi, na mita ngapi. Watu wawili waweza kuwa mahali pamoja kwenye karatasi ya mkubwa wa kazi, na kati yao pana mwamba wa mita mia mbili. Wakipiga kelele hawasikiani.»

Kesho yake alitwaa ubao mmoja, akatoboa matundu, akachomeka matete, marefu kwa mafupi, na juu ya kila tete akabandika donge la udongo. «Hizi ndizo nyota zenu,» akasema. «Tazama mguu wa tete, utajua wapi. Tazama urefu wa tete, utajua kimo.» Za chini akazining'iniza kwa uzi upande wa chini wa ubao. Tukaitia kazi hiyo ndani ya kompyuta vile vile, na tangu siku ile hapana kijana aliyeuliza tena. Baadaye nilisoma kwamba Elite ya mwaka 1984 ilifanya hivyo hivyo: katika rada yake kila merikebu ilikuwa na kijiti, chasimama juu ya duara bapa au chaning'inia chini yake. Nikacheka. Vijana wa Cambridge na mchimbaji wa Katanga waliona jambo moja.

Mwisho wa mwaka wa kwanza mchezo ukaanza kwenda. Kila sayari ilikuwa na namba moja tu: mali yake. Mpwa wangu aligundua upesi namna ya kushinda. Wafika, wachimba yote, wajenga merikebu, waendelea na sayari nyingine. Nyuma yako yabaki mawe matupu, lakini wewe wazidi kuwa na nguvu, na mwenye nguvu azidi kupata nguvu. Katika zamu 40 alikuwa mfalme wa nyota zote 60. Akamwita babu yake aje kutazama.

Mzee akatazama sana. Halafu akauliza: «Na watu wenye kukaa pale, wako wapi?»

«Hakuna watu, Nkambo. Ni sayari tupu.»

«Tupu? Nani amekwenda kuangalia?» Mzee akakaa kimya kidogo. «Hata huku kwetu walikwisha kuandika hivyo kwenye karatasi yao.»

Akaenda kulala. Mpwa wangu alicheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu mimi ni mwalimu na tarehe hizo nazijua. Katika Mkutano wa Berlin, toka mwaka 1884 hata 1885, wakubwa waliketi mezani mwao kugawana mambo ya Afrika, wala hapana Mwafrika aliyekuwa kati yao. Mfalme Leopold wa Pili alitawala Kongo toka 1885 hata 1908, wala hakukanyaga nchi hii hata siku moja. Alikuwa na meza, na ramani, na hesabu za mali inayoingia. Nikaitazama kompyuta yetu, nikaona kwamba nimemtengenezea mchezaji kiti kile kile.

Wala tusiseme ufalme wa namna hiyo ni wa rangi moja ya ngozi. Kabla ya Wabelgiji, Katanga ilikuwa chini ya Msiri, aliyetoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alijenga mji wake Bunkeya, akapata nguvu kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa, na watu aliowakuta walikuwa na wakubwa wao. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa safari ya Stairs, waliotumwa kwa ajili ya Leopold. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière, na mwaka 1910 reli ikafika mahali ulipojengwa mji huu. Kuvumbua, kupanuka, kuvuna mali, kuangamiza: Alan Emrich aliandika juu ya mchezo, lakini hapa maneno hayo si mchezo. Na kompyuta yenyewe ina nyaya za shaba, na betri yake ina kobalti. Sijui vilichimbwa wapi, lakini kobalti iliyo nyingi duniani hutoka nchini kwetu.

Nilimwambia mpwa wangu: «Tuweke watu.» Akajibu: «Mjomba, mchezo ni mchezo. Ukiweka watu wenye kulia, nani atataka kucheza?» Tukaacha hivyo.

Sasa nafika mahali ambapo si rahisi kuandika. Mwaka uliofuata mpwa wangu alikuwa tayari kuingia chuo kikuu. Mama yake ni mjane, na mimi ndiye niliyeahidi ada ya masomo. Niliiweka fedha hiyo kidogo kidogo. Lakini umeme ulikuwa ukikatika kila siku, kazi ya mchezo ikisimama, na siku moja nikaenda kununua bamba la jua na betri. Nilijiambia: nitairudisha fedha kabla ya siku za kuandikisha. Sikuweza. Siku zikafika, nikamweleza. Hakunijibu neno. Baada ya juma moja dada yangu akaja mbio mapema asubuhi: kijana ameondoka usiku na wenzake, amekwenda upande wa Kolwezi kuchimba kobalti kwa mikono.

Alikaa huko miezi mitano. Jioni niliwasha kompyuta kwa bamba lile la jua, nikaitazama ile ramani nzuri ya nyota, nikaizima tena. Baba hakuniuliza kitu. Nami nilijua anajua.

Aliporudi alikuwa amekonda, na mikono yake imekuwa kama ya babu yake. Mara mbili aliona shimo likianguka, alisema, na zaidi ya hapo hakutaka kueleza. Mimi nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Nilikuwa nimeuza pikipiki yangu, ada ikapatikana. Alikubali bukari tuliyomwandalia, akala, akalala siku mbili.

Baada ya majuma mawili akaomba daftari ya mchezo. Akaniambia: «Mjomba, Nkambo alisema kweli, lakini hata yeye hakusema yote. Kuchukua si jambo kubwa. Sote kule tulijua mali itachukuliwa. Shida ni depo. Wabeba gunia toka shimoni, wafika jioni. Mnunuzi aweka kipimo chake juu ya mawe, asema: kobalti ni asilimia moja tu. Wewe wajua si kweli, kwa sababu jana mahali pengine mawe ya shimo lile lile yalikuwa asilimia tatu. Lakini gunia ni zito, usiku waingia, na una njaa. Wapokea franga zake. Ila huwezi kusahau.»

Hapo akaandika kanuni mpya kwa mkono wake, nayo ndiyo roho ya mchezo wetu leo. Kila sayari ina watu, na kuna daftari mbili. Ya kwanza ni daftari ya mfalme, nayo mchezaji huiona. Ya pili ni daftari ya sayari, nayo haioni. Tuseme sayari imetoa mali 50. Mchezaji aweza kuandika 30, akawalipa watu malipo ya 30. Zile 20 zaingia katika daftari yao kama deni. Akijenga barabara, kisima au nyumba ya wagonjwa, deni lapungua 2 kwa zamu. Basi wizi wa zamu moja wapona kwa zamu 10. Deni likifika 100, sayari yafunga njia zake, na merikebu hazipewi mafuta.

Mara ya kwanza tulimwonyesha mchezaji deni hilo. Ilikuwa kosa. Vijana waliiba hata 99 wakasimama, kisha wakajenga visima vichache wakaanza tena. Tukaificha namba. Sasa mchezaji aona alama tu: majibu yachelewa, vijana wahama sayari, mali yapungua bila sababu. Tena tulikuwa tumeuweka wizi mgumu mno, mchezo ukawa kama hotuba, na vijana wakapiga miayo. Ikatubidi tuurudishie utamu wake. Mtu asiyejaribiwa kuiba hajifunzi kitu kwa kutoiba. Halafu tukaongeza kitufe kimoja kilichoandikwa «Uliza». Ukikibonyeza, watu wa sayari wakuambia deni lako kweli kweli. Lakini chakula zamu moja, na katika zamu hiyo adui zako wapata kupanuka.

Wengi hawakibonyezi. Jumamosi moja kijana mmoja hodari alitawala nyota 51 katika zamu 90, akiimba. Kisha njia moja ikafungwa, ya pili, ya tatu, na katika zamu 8 ufalme wote ulikwisha, bila adui kumpiga hata risasi moja. Akauliza kwa hasira: «Kwa nini hamkuniambia?» Mpwa wangu akamwonyesha kitufe, asiseme neno.

Juzi baba yangu aliomba kucheza. Mpwa wangu akamshikia mkono. Mzee alibonyeza «Uliza» zamu ya kwanza, akabonyeza tena zamu ya pili, akabonyeza katika kila sayari aliyofika. Wengine walikuwa wakipanuka, yeye akiuliza. Mchezo ukaisha akiwa na sayari 4, zote zenye deni sifuri. Kompyuta ikaandika kwamba ameshindwa.

Mimi nilitaka kubadili hesabu ya ushindi papo hapo. Mpwa wangu akakataa: «Acha hivyo, Mjomba. Ukimpa ushindi, kila mtu atauliza kwa ajili ya kushinda.» Tumebishana juu ya jambo hilo majuma matatu sasa, na mchezo haujakwisha kwa sababu yake. Yeye husoma chuoni mchana, usiku aja tunaendelea. Bamba la jua lingali juu ya paa, nami kila nikiliona nakumbuka bei yake. Mzee hana habari na ubishi wetu. Aliposoma kwamba ameshindwa, aliuliza tu kama zile sayari zake nne zaendelea vizuri.

Basi, wasomaji wapenzi, ninyi mwaonaje? Mtu wa sayari nne apewe ushindi, au tumwache hivyo hivyo?